Mzazi, usimwite mtoto mhuni kwa sababu ya singeli

Jumamosi jioni Goba haina siri. Kuanzia Njia Nne hadi Kinzudi maturubai yamefungwa, spika zimepangwa ukutani na harufu ya pilau imeshafika kwa jirani. Taarabu na bongo fleva vikishapita, dijei anaweka singeli. Hapo ndipo akina mama walioketi tangu alasiri wanainuka, wanajifunga khanga kiunoni na kuingia kati.

Jumatatu inayofuata, mmoja wa akina mama hao anamkuta mwanawe wa darasa la sita akicheza singeli kwa simu. Anafoka: “Zima huo muziki wa wahuni! Ndiyo unayojifunza kwa wale watoto wa kule bondeni?”

Mtoto anazima. Lakini kichwani amebaki na maswali mawili. Kama ni wa wahuni, mbona mama aliucheza? Na rafiki yake wa kule bondeni, ambaye baba yake ni fundi wa hizo nyumba zenye mageti, naye ni mhuni?

Umetoka wapi muziki huu

Singeli haikuanguka kutoka angani. Wazaramo, wenyeji wa Pwani hii, wana mdundiko, ngoma inayotembea mtaa kwa mtaa. Mzee aliyekulia Temeke au Kariakoo atakusimulia watoto walioufuata mdundiko mpaka wakapotea njia, na viboko walivyokuta nyumbani. Baadaye ukaja mchiriku, uliopigwa kwa ngoma na vinanda vidogo vya Casio vilivyounganishwa na vipaza sauti chakavu. Nao uliitwa wa wahuni.

Miaka ya 2000, katika vigodoro, yaani zile sherehe za usiku kucha za Manzese, Tandale na Temeke, madijei walichukua midundo ya taarabu wakaiongeza kasi, na vijana wakaghani juu yake. Kasi yake hufika mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, wakati moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga 60 hadi 100.

Mwaka 2016 Man Fongo alivuma nchi nzima na wimbo wa “Hainaga Ushemeji”. Mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na baada ya hapo vijana wa singeli wakaitwa kwenye majukwaa ya Ulaya. Kwao, kilichoitwa uhuni kimekuwa ajira.

Waroma na fidla zao

Ulaya kuna watu waliopitia hali inayofanana na hii, ila yao ni nzito zaidi. Ni Waroma, ambao mababu zao walitoka kaskazini mwa India yapata miaka 1,000 iliyopita. Katika eneo ambalo leo ni Romania walishikwa utumwa hadi miaka ya 1850. Wakati huohuo ndio waliokuwa wapigaji muziki. Harusi ya kijijini bila fidla ya Mroma haikukamilika, lakini sherehe ikiisha alirudi pembezoni mwa kijiji, na hakuna aliyetaka mtoto wake acheze na wa kwake.

Mwaka 1991 kampuni ya muziki ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa albamu ya Taraf de Haïdouks, kundi la Waroma wa kijiji cha Clejani, Romania, nao wakapata sifa duniani. Kampuni hiyohiyo mwaka 2012 ilitoa albamu ya Jagwa Music, kundi la mchiriku la Dar es Salaam. Wageni walisikia thamani mahali ambapo jirani alisikia kelele.

Sifa za jukwaani, hata hivyo, hazikuwafikia watoto darasani. Mwaka 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kuwa Jamhuri ya Czech ilikuwa imewabagua watoto wa Kiroma waliopelekwa kwenye shule maalumu za wenye matatizo ya kujifunza. Watu walikuwa wamecheza muziki wa wazazi kwa karne nyingi, na bado mtoto akahesabiwa hawezi.

Hapo ndipo mzazi wa Goba anapopaswa kusimama. Neno “mhuni” halibaki kwenye wimbo. Linahamia kwa mtoto anayeusikiliza, kwa rafiki yake, kisha kwa mtaa mzima anakotoka.

Madhara halisi yako wapi

Kusema hivi si kufungulia kila kitu. Yapo mambo matatu ya kuogopa, na mdundo si mojawapo.

La kwanza ni sauti. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuhatarisha masikio. Ikifika desibeli 100, muda huo hushuka hadi dakika 20 tu. Kwa mtoto kiwango kinapaswa kuwa cha chini zaidi. Spika za sherehe zinaweza kuvuka hapo kwa urahisi, ziwe zinapiga singeli, kwaya au kaswida. Usikivu ukishaharibiwa na kelele, mara nyingi haurudi.

La pili ni saa. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Akikesha kwenye kigodoro, wiki yake ya shule inaanza vibaya.

La tatu ni maneno na mazingira. Zipo nyimbo zenye matusi, na zipo sherehe ambazo usiku ukikolea pombe inatawala na watu wazima wanasahau kuwa watoto wapo. Ndiyo maana viongozi na polisi wamewahi kupiga marufuku vigodoro mara kadhaa.

Kucheza kwenyewe hakuna ubaya. WHO inashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 kwa siku za mazoezi yanayopandisha mapigo ya moyo, na singeli inafanya kazi hiyo vizuri.

Ufanye nini nyumbani

Kwenye sherehe, mtoto asikae karibu na spika. Mpumzishe mbali na kelele kila baada ya muda, na mchanga asipelekwe kabisa penye muziki mkubwa. Akilalamika kuwa masikio yanavuma au hakusikii vizuri siku ya pili, mpeleke kituo cha afya.

Weka saa ya kuondoka kabla hamjatoka nyumbani, na wewe mwenyewe uiheshimu.

Sikiliza naye wimbo anaoupenda. Usipokupendeza, taja neno lililokuudhi na sababu yake. “Neno hili linamdhalilisha dada yako” ni malezi. “Huo ni wa wahuni” ni tusi, na mtoto atakachojifunza ni kukuficha.

Kisha mpeleke kwa bibi au babu amsimulie mdundiko. Atagundua kwamba wao pia waliwahi kufokewa kwa ajili ya ngoma, na wakakua wakawa watu.