Sheria Wanayo, Kiti Bado



Tangu Oktoba 2024, Rais Félix Tshisekedi alipotangaza kule Kisangani mpango wa kuandika katiba upya, habari hiyo inazungumzwa sokoni na hata kwenye likelemba zetu hapa Kamina. Kila mtu anauliza kabila lake litapata nini. Sisi tunauliza: na Batwa je?

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 haiwataji kwa jina. Kifungu cha 51 kinasema tu kwamba serikali inalinda watu wanyonge na makabila madogo. Wapigmei walingoja mpaka Sheria nambari 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 ndipo haki zao za ardhi, masomo na matunzo ya afya ziandikwe waziwazi. Ni sheria nzuri. Lakini katika bunge la taifa hakuna kiti kilichotengwa kwa ajili yao, na mtu asiyekuwa mezani hawezi kuuliza kwa nini sheria yake haitekelezwi.

Sisi wamama tunalijua jambo hilo. Kifungu cha 14 kinatuahidi usawa na wanaume katika uongozi, lakini bungeni wanaume bado ni wengi kutupita mbali. Kuandikwa ni jambo moja, kuketi ni jingine.

Jirani zetu wa Burundi walifanya yote mawili. Katiba yao ya mwaka 2005 iliwatengea Batwa viti 3 katika bunge na viti 3 katika seneti.

Wengine wanasema: mkiwapa Batwa viti, kila kabila litaomba chake. Tukumbuke basi kifungu cha 197 cha katiba yetu. Kinaruhusu bunge la jimbo kuingiza watu bila kura, wasiozidi sehemu moja ya kumi, na mlango huo umekuwa wa masultani. Batwa wengi wanaishi chini ya sultani wa kabila lingine. Kwao mlango huo umefungwa.

Wengine wanaogopa kwamba Mtwa atakayeketi atakuwa mtu wa mkubwa fulani. Hofu hiyo ina sababu. Kwa hiyo Batwa wenyewe wamchague, wanaume na wanawake pamoja.

Hili si jambo la mbali. Reli yetu inafika Kabalo. Kule, na Nyunzu na Manono, Batwa na Baluba waliuana katika vita vilivyoanza mwaka 2013, vijiji vikachomwa, wamama wa pande zote mbili wakakimbia na watoto mgongoni. Watu wasiosikilizwa kwa maneno, siku moja hushika mishale.

Katiba itabishaniwa Kinshasa, lakini kuna kazi ya kwetu. Mtoto huandikwa bure katika ofisi ya serikali ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Asipoandikwa, kesho atahangaika kuonyesha kwamba ni raia, na bila kadi hapigi kura wala hachaguliwi. Jirani yenu Mtwa akizaa, msindikizeni mpaka kwenye ofisi hiyo. Na kikundi chenu kikikutana, mpeni nafasi ya kuketi na ya kusema. Tukiwanyima kiti kwenye mkeka wetu, tutawaombeaje kiti bungeni?