Uso Umetibiwa Hospitali, Kopo Linauzwa Insta

Ule uso unaong'aa kwenye posti za mwigizaji mmoja wa kike wa hapa Dar haukutengenezwa na lile kopo jeupe analolishika mkononi. Wapambaji wake wanajua, mashosti zake wanajua, na yeye mwenyewe ndiyo kabisa. Chunusi zake, zile zilizomfanya agome kupigwa picha bila mekapu hadi kwenye misiba, zilitibiwa na daktari wa ngozi, kwa tyubu mbili za kawaida na miezi minne na nusu ya kuvumilia. Kopo lilikuja baadaye, uso ukiwa umeshapona zamani.

Sasa kopo hilo linauzwa Sh45,000, na picha za "kabla na baada" zilizobandikwa pembeni ni za matibabu ya hospitali.

Staa kuuza bidhaa siyo dhambi. Wapo wanaouza mawigi, wapo wa mashuka, wapo wa pilipili ya kukaanga, na hakuna aliyewahi kwenda kumwona daktari kwa sababu wigi la staa lilikuwa na nywele chache. Hela inatafutwa kila mtu kwa njia yake. Ila kitu kinachopakwa usoni mwa binti wa watu, tena asubuhi na jioni, hakiwezi kuuzwa kwa sheria za kuuza mashuka.

Tuanze na hayo maneno ya tangazo: chunusi kwisha siku 5, madoa siku 10, uso wa kitoto siku 14. Yeyote aliyewahi kukaa kwa daktari wa ngozi walau dakika kumi anajua hapo kuna mchezo. Chunusi inayoonekana leo haikuanza jana. Ilianza wiki kadhaa nyuma, kitundu cha ngozi kilipoziba kwa mafuta na seli zilizokufa, bakteria wakapata makazi humo ndani, ndipo mwili ukaanza kupigana nao na pakavimba. Ndiyo maana dawa za kweli za kupaka, kama adapalini, tretinoini au benzoili peroksaidi, daktari anakwambia subiri wiki 8 hadi 12 ndipo uanze kuhukumu. Na madoa meusi yanayobaki, hasa kwa ngozi zetu, yanaweza kukaa miezi mingi hata kama chunusi zenyewe zimeisha.

Sasa nini kinalaza chunusi ndani ya siku tatu na kung'arisha uso humohumo? Kitu kinachojulikana sana kwa kazi hiyo ni steroidi kali, mfano klobetasoli, mojawapo ya steroidi za kupaka zenye nguvu kuliko zote. Hiyo ni dawa halali, ina kazi zake, anaandikiwa mtu mwenye pumu ya ngozi au soriasisi sehemu ngumu kama viganja, tena kwa muda mfupi. Ikipakwa kwenye chunusi inazima uvimbe na wekundu, uso unatulia na kuwa mlaini. Mteja anafurahi, anapiga selfi, anamtagi staa. Chunusi haijatibiwa. Steroidi zenyewe, zikitumika muda mrefu usoni, zinaleta chunusi za aina yake.

Kuna mdada wa miaka 23, yupo kwenye kibanda cha miamala ya simu Mbagala. Alinunua kopo la kwanza kwa sababu harusi ya dada yake ilikuwa inakaribia na alipangwa kwenye wasimamizi. Wiki ya kwanza uso ulitulia, akawatumia hadi wenzake namba ya kuagizia. Kopo likaisha, mshahara haujatoka, akakaa siku nne bila kupaka. Uso ukawaka moto. Vipele vidogovidogo vikatoka mashavuni na kuzunguka mdomo, sehemu ambazo hakuwahi kuwa na chunusi hata sekondari.

Akauliza DM. Akajibiwa, "Mamy hiyo ni sumu inatoka, usiache kupaka, ongeza kopo jingine uipe nguvu."

Akaongeza. Kweli, siku mbili tu uso ukatulia tena! Hapo ndipo biashara hii ilipo tamu: ukipaka unapona, ukiacha unaungua, kwa hiyo unarudi dukani mwenyewe bila hata kutangaziwa. Kopo la tatu lilimfanya atimize Sh135,000, kwa mtu anayekaa kibandani kuanzia saa moja asubuhi hadi usiku. Ngozi ya mashavu ikawa nyembamba, inachoma akisogelea jiko. Vinyweleo vikaanza kuota kwenye taya. Pembeni mwa mdomo amekuwa mweupe, juu ya mashavu amekuwa mweusi kuliko alivyozaliwa. Alipotuma picha mara ya mwisho na kuomba hela yake angalau nusu, akaambiwa hakufuata maelekezo, kisha akabloku­liwa. Harusi alienda, ila alikaa jikoni na akina mama. Kazini anahudumia wateja na barakoa, wenye mazoea wanamuuliza kama ana mafua.

Kopo lenyewe halijafika maabara yoyote, hilo lisemwe wazi. Lakini daktari aliyemwona hakuhitaji muda kusema kwamba uso ule ni wa mtu aliyepaka steroidi kali kwa miezi. Matibabu yake ni ya polepole, anapunguziwa hatua kwa hatua, na ameambiwa baadhi ya vimishipa vilivyojitokeza vinaweza visipotee kabisa.

Hilo neno "sumu inatoka" ndilo linaloudhi kuliko yote, kwa sababu limeibwa. Ni kweli mtu akianza adapalini au tretinoini, wiki za mwanzo chunusi zinaweza kuchachamaa kabla ya kutulia. Madaktari wanalisema na wagonjwa wanapitia. Lakini kule kuchachamaa kunatokea ukiwa unatumia dawa, kunakuja na ukavu na kubanduka, kwa kawaida sehemu zilezile chunusi zinapopenda, na baada ya wiki kadhaa kunapungua. Uso unaolipuka pale unapoacha na kutulia pale unaporudia ni habari tofauti kabisa. Muuza kopo amechukua maelezo ya dawa ya kweli akayavalisha mkorogo wake.

Na staa huyu hana kisingizio cha kutojua, maana amepitia hiyo ya kweli mwili mzima. Mpambaji mmoja aliyekuwa anaingia kwake kipindi hicho anaikumbuka vizuri. Usiku alikuwa anapaka adapalini, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso wote, siyo kujimwagia kama mafuta ya nazi. Asubuhi benzoili peroksaidi, ile ya asilimia 2.5, maana daktari alimwambia ya asilimia 10 haina maajabu zaidi bali itamkausha na kumchoma. Wiki ya pili alibanduka kama nyoka, akalia, akataka kuacha. Taulo zake nyeusi zikatoka mabaka ya rangi ya chungwa, kwa sababu benzoili inapausha nguo, akamgombeza dada wa kazi kwamba anafua kwa dawa ya kutoa madoa, kumbe ni uso wake mwenyewe. Jua la saa sita lilikuwa linamchoma, akalazimika kupaka krimu ya kukinga jua hata akienda lokesheni Kibaha. Aliulizwa kama ana ujauzito au anatarajia kabla hajaandikiwa. Wiki ya sita bado alikuwa anasema dawa haifanyi kazi.

Hiyo stori angeisimulia yote laivu, na taulo lake la mabaka mkononi, mabinti wangapi wangejua kwamba kubanduka ni kawaida na wasitupe tyubu zao wiki ya pili? Ana wafuasi wengi kuliko hospitali yoyote nchini. Badala yake ameificha kama aibu, akaacha matokeo yake tu ndiyo yaonekane, akayabandika kwenye kopo.

Mashabiki wake wana utetezi wao, na nusu yake ina ukweli. Wanasema hospitali kuna foleni, kumwona daktari wa ngozi ni gharama, na ukiwa mkoani ndiyo usiseme. Ni kweli. Moshi pale KCMC kuna kituo cha kanda cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, lakini nchi ni kubwa, na binti wa wilayani hawezi kupanda basi kwa sababu ya chunusi. Muuza kopo anajibu meseji saa tano usiku na bodaboda inafika mlangoni. Kwa hilo wamewazidi wenye taaluma, tena mbali. Lakini kama tatizo ni gharama, kopo tatu za mdada wa Mbagala zilikuwa nafuu kwa nani? Benzoili peroksaidi ipo kwenye maduka mengi ya dawa mjini. Mjamzito, ambaye adapalini na tretinoini hazimfai, kuna asidi ya azelaiki anayoweza kuulizia, nayo inasaidia hata madoa.

Na maduka ya dawa nayo yasijifiche nyuma ya staa. Binti anafika dirishani anasema "nipe ile tyubu ya chunusi", anapewa krimu ya mseto yenye steroidi, antibayotiki na dawa ya fangasi kwa pamoja, bila cheti na bila swali hata moja. Kwa limao na dawa ya meno tusipoteze muda. Limao usoni halafu jua la Dar ni kujiunguza kwa bei nafuu.

Kwenye sheria hakuna utata. Hapa kwetu vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi vimepigwa marufuku, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi ulitoka iliyokuwa TFDA ukaenda TBS. Mzigo wa maduka ya Kariakoo unakamatwa na kuteketezwa, kamera zipo, mwenye duka anatajwa. Kopo la staa linasafiri kwa bodaboda, halina namba ya usajili wala tarehe ya mwisho wa matumizi, na kila Ijumaa linatangazwa mbele ya maelfu ya watu.

Wateja wamemuuliza meneja wake mara nyingi tu ndani yake kuna nini. Jibu ni lilelile, kwamba ni siri ya biashara, mchanganyiko wa asili kutoka kwa bibi yake. Lebo ya kopo ina picha ya staa, namba ya simu na maua mawili ya waridi. Sabuni ya kipande ya dukani kwa Mangi, bei yake haifiki hata chenji ya kopo hilo, viambato vyake vimeandikwa nyuma ya karatasi.