Daftari la Wiki: Saruji Tena

Tangazo la "nyumba ya kale ya shamba, imekarabatiwa" huanza na picha ya bwawa la kuogelea. Kisima hakionekani, mkarafuu hauonekani. Shamba lenyewe limo katika bei.

*

Wasomaji wa daftari hili walishajua kuwa tutarudi kwenye saruji. Haya, tumerudi. Nyumba ya shamba ya Unguja, iwe kasri au kijumba cha msimamizi, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wake una unene wa takriban nusu mita na unapumua: masika huunywesha maji, kipupwe na kaskazi huyatoa. Fundi wa leo akiona ufa huuziba kwa lipu ya saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo chini yake, na haipitishi maji kama chokaa. Unyevu unaopanda kutoka chini hufungiwa ndani pamoja na chumvi yake; chumvi ikikauka huvimba, jiwe likawa unga, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani vikaanza kuoza. Nje kunang'aa. Misimu michache baadaye lipu hubanduka mapandemapande, na mwenye nyumba humlaumu fundi kwa kubania saruji.

Atakayesema chokaa haiwezi maji na aende kwenye hamamu za Kidichi. Hamamu zile alizijenga Sultani Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shahrzad. Hamamu, yaani nyumba ambayo kazi yake nzima ni maji na mvuke! Imejengwa kwa mawe na chokaa, kuba juu badala ya dari ya boriti, na mapambo yake ya chokaa ya ndege na maua bado yanasomeka. Linganisha na Maruhubi, kasri la mwanawe Sayyid Barghash, lililomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1880. Moto uliliteketeza mwaka 1899, ukala kila kilichokuwa mti, na kilichobaki ni nguzo na hamamu. Adui wa majengo haya ni moto, mizizi, na zaidi ya yote paa linalovuja. Kwa hiyo shilingi ya kwanza ya ukarabati ni ya paa. Boriti isiyorowa hudumu vizazi. Iliyorowa huangusha dari hata ukuta ukiwa mzima.

Upande wa pili una hoja zake, tena nzito. Chokaa ni ya polepole: huchomwa katika tanuu, huzimwa kwa maji, huachwa ilale, kisha hupigwa kwa matabaka na kila tabaka lisubiriwe. Mkulima atangoja hadi lini? Lakini pesa ya shamba nayo ni ya polepole. Huja kwa msimu, karafuu ikivunwa na nazi ikiangushwa, na ukuta wa chokaa unakubali kutengenezwa kipande kwa kipande, kila kiangazi chumba kimoja, bila deni dukani. Hoja ya mikoko ni ngumu zaidi. Hori zetu hazistahimili kukatwa tena kwa kiwango cha karne ya 19, na anayesema vinginevyo anauza boriti. Ila kukarabati si kujenga upya: unabadilisha zilizooza tu, na vyumba vyenyewe ni vyembamba, kwani upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti. Na tanuu? Linakula magogo, kweli. Minazi mizee isiyozaa imejaa mashambani.

*

Chumba cha kulala, mita tatu kwa upana. Msanifu majengo anapendekeza kuvunja ukuta "ili pawe na nafasi". Nafasi ipo nje, bwana, hekta kadhaa.

*

Beit al-Ajaib ya Mji Mkongwe ilipoanguka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, ikaua watu wawili, dunia nzima ilisikia. Kasri la Mtoni linaanguka jiwe moja kila masika na hakuna anayeshtuka. Orodha ya UNESCO ya mwaka 2000 ni ya Mji Mkongwe; Mtoni iko kaskazini yake, ng'ambo ya mstari. Na hili ndilo kasri kongwe la Sayyid Said kisiwani, alimozaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1886 tunakuta tausi na paa wakizurura uani. Moto wa 1914 ulilipunguza, na matumizi yaliyofuata, ya ghala na ya mafuta, yakapunguza yaliyosalia.

*

Kuna wanaouliza: kwani tuitengeneze ya nini nyumba iliyolipiwa na utumwa? Swali la haki. Mikarafuu ile ilipandwa na watu waliotekwa, chokaa ile ilibebwa na wasiolipwa, na Salme mwenyewe aliutetea utumwa katika kitabu chake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yalitaifishwa, wakulima wakagaiwa eka tatu tatu, na nyumba ikabaki katikati bila shamba lake wala wa kuipandia paa. Mtu anaweza kusema ilistahili. Lakini gofu halishtaki mtu. Gofu hupigiwa picha za harusi. Nyumba iliyosimama, yenye roshani yake ya bwana na ghala lake na jiko lake na vibanda vya waliofanya kazi, inamlazimu mgeni aulize nani alilala wapi. Kosa la wakarabati wetu ni kutengeneza roshani na kuvunja vibanda.

*

Sakafu ya kuanikia karafuu siku hizi inaitwa maegesho.