Vitabu vya Moyo: Nani Avipime, na kwa Mizani Gani?

Imeota mizizi miongoni mwa wasomi wetu dhana kwamba kitabu cha udaktari hakiwezi kupimwa ila na daktari. Dhana hiyo ina ukweli wake, na mimi niliyesomea isimu sithubutu kumfundisha tabibu namna ya kusikiliza mapigo ya moyo. Hata hivyo, kitabu cha kiada ni lugha kabla hakijawa tiba. Mwanafunzi wa uuguzi wa Kitui au Makueni hukisoma kwa Kiingereza, kisha hutarajiwa kumweleza mgonjwa yaliyomo kwa Kiswahili au kwa Kikamba. Maarifa mengi hupotea katika safari hiyo, na anayeumia si mwandishi wa kitabu.

Ndiyo maana sikusita mwalimu mmoja wa wauguzi aliponiomba tupitie pamoja vitabu vya moyo na fiziolojia katika maktaba anayoitumia. Vingi vilikuwa vya msaada kutoka ng'ambo. Tuwashukuru waliovitoa, lakini shukrani isituzuie kutazama mwaka wa chapa.

Mwaka huo nao haupimwi kwa namna moja. Fiziolojia haichakai upesi. Mzunguko wa damu alioueleza William Harvey mwaka 1628 ndio huo huo unaoendelea leo katika mwili wa mkulima wa Mutomo au wa Kibwezi. Kitabu cha fiziolojia cha Arthur Guyton kilitoka mara ya kwanza mwaka 1956, na nina sababu ya kiisimu ya kukipenda: matoleo manane ya kwanza aliyaandika peke yake. Mwanafunzi ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu hufaidika sana anapoongozwa na sauti moja toka sura ya kwanza hadi ya mwisho. Kile kitabu kikubwa cha magonjwa ya moyo cha Braunwald, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1980, ni kazi ya mabingwa wengi na ni hazina kwa daktari bingwa. Kumkabidhi mwanafunzi wa stashahada kama kitabu cha kuanzia ni kumtwisha gunia zima la mahindi anayehitaji kibaba.

Tiba, kwa upande wake, haina subira. Vitabu vya miaka ya 1980 viliwaonya madaktari wasiwape wagonjwa wenye moyo dhaifu dawa za kundi la beta-bloka, kwa hofu kwamba zingeuzidishia moyo udhaifu. Majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 1999 yaliipindua kauli hiyo, na leo dawa hizo, zikianzwa kwa kipimo kidogo mgonjwa akiwa ametulia, ni miongoni mwa nguzo za matibabu. Mwanafunzi anayekariri kitabu cha zamani kwa uaminifu hukariri marufuku iliyokwisha kugeuka kuwa agizo. Vitabu vya namna hiyo vipelekwe kwenye rafu ya historia.

Kuna suala jingine: moyo unaozungumziwa ni wa nani? Sura nyingi humhusu mtu wa makamo wa Ulaya au Marekani ambaye ateri za moyo wake zimezibwa na mafuta. Ugonjwa huo upo kwetu pia. Lakini katika Afrika Mashariki watoto na akina mama vijana wangali wanaumia kwa ugonjwa wa vali za moyo unaoanzia kwenye koo: bakteria humwambukiza mtoto, kinga ya mwili wake hupotoka na kuzishambulia vali. Aliyekwisha kuugua hukingwa asirudiwe kwa sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne. Kitabu kinachoutaja ugonjwa huu kwa nusu ukurasa, kana kwamba ni kumbukumbu ya kale, kina kasoro kwetu hata kama karatasi yake inang'aa.

Isitoshe, sisi si watu wa kupokea tu. Ugonjwa wa utando wa ndani wa moyo kukakamaa ulielezwa na Davies huko Kampala mwaka 1948. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba shinikizo la damu la Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini lilianza kupanda muda mfupi baada ya kuhama, huku wakila chumvi zaidi. Mwalimu wa Makueni, ambaye vijana wake hushika barabara ya Mombasa kila mwaka kutafuta kazi, atapata wapi mfano ulio bora kuliko huo?

Sasa nirudi kwenye uwanja wangu. Raia husema "presha ya kupanda" na "presha ya kushuka", kana kwamba ni wageni wanaokuja na kuondoka. Kichwa kikitulia, presha imekwenda, na vidonge huwekwa kando. Kumbe shinikizo la juu aghalabu halina dalili yoyote. Neno "mshipa" hubeba ateri, vena, neva, na hata ngiri. "Damu chafu" ya vitabu vya shule ni damu yenye oksijeni chache tu, ilhali mgonjwa husikia ametuhumiwa maradhi ya aibu. Baya zaidi ni "moyo umefeli", tafsiri ya kivivu kutoka Kiingereza: anayeambiwa hivyo huanza kugawa mbuzi wake, na pengine daktari alimaanisha kwamba moyo umedhoofika na hausukumi damu ya kutosha. Kwa Kikamba moyo ni ngoo, na ngoo, kama moyo wa Kiswahili, ndiyo pia makao ya huzuni na furaha. Muuguzi asiyelikumbuka hilo atazungumzia pampu, na mgonjwa atafikiri anaulizwa juu ya majonzi yake.

Napendekeza, basi, kamati zinazonunua vitabu kwa vyuo vya tiba zimwalike mwalimu wa lugha, angaa kwa siku moja. Na katika mtihani wa vitendo, mtahini aweke swali hili: nyanya huyu ana miaka 60, kichwa hakimuumi, ameacha vidonge, mweleze, bila neno la Kiingereza, kwa nini avirudie. Maelezo hayo yapewe alama sawa na mchoro wa moyo.