Anayechezwa na Anayecheza

Mwezi uliopita mzee mmoja wa huku kwetu, karibu na mlango wa mto Ruvuma, alikuja shuleni kumtoa mjukuu wake katika timu ya mpira wa pete. Akaniambia, "Mwalimu, huyu amekwisha kuchezwa. Hafai tena kurukaruka mbele za watu." Nilinyamaza kwa adabu. Leo namjibu.

Litazameni neno lenyewe. Mwali huchezwa; yeye hukaa ndani, na wengine ndio wachezao. Najua, mvulana naye hutiwa jandoni; lakini akitoka, twamwona kiwanjani na mpira wake, wala hapana amwambiaye kwamba miguu yake imekuwa aibu.

Wasema hiyo ndiyo mila. Haya, tuitazame mila yote. Wamakonde walichonga kwa mti kiwiliwili cha mwanamke mwenye mimba, matiti na tumbo, na mwanamume akakivaa, akacheza ngomani akiigiza mwendo wa mwanamke. Watu wakashangilia. Kumbe mwendo wa mwanamke si aibu, maadamu mwenye kuucheza ni mwanamume!

Sasa yuko mchoraji wa nchi yetu, Sungi Mlengeya, aliyezaliwa mwaka 1991. Alijifunza kuchora mwenyewe, na mwaka 2018 akaacha kazi ya benki ili ashike brashi. Huchora wanawake weusi juu ya turubai jeupe. Nguo zao nyeupe hupotelea katika weupe ule, ikabaki ngozi, mikono, shingo, na mwendo. Mwaka 2022 alionyesha London picha za wanawake wenye kucheza. Hapana aliyewacheza, wacheza wenyewe. Wako watakaosema hayo ni mambo ya mjini. Mimi naona ndiyo jibu la kile kiwiliwili cha mti: mwili ni ule ule, ila safari hii mwenyewe yumo ndani yake.

Na hao wasemao kwamba michezo haimpasi mwanamke, je, wamemsahau Theresia Dismas? Mwaka 1965, katika Michezo ya Afrika kule Brazzaville, aliipatia Tanzania nishani ya fedha kwa kutupa mkuki. Mkuki, ndugu zangu, silaha ya wanaume!

Mzee wangu, shikamoo. Mjukuu wako ndiye mfungaji wetu. Mazoezi ni Jumatano saa kumi, na nafasi yake sijampa mwingine.