Usipige fomati: GRUB imegoma, Windows haijafa

Kimya changu kilikuwa cha UE, mnaijua wenyewe. Leo narudi na jambo moja na nitalisema bila kuzunguka: fundi anayekwambia “hii Linux imeua mashine, tupige fomati” hajui anachosema, na wewe unayeitikia “sawa kaka” unatupa kazi yako ya miaka mitatu kwa hiari.

Kwa nini nalisema sasa? Kwanza, msimu wa fildi umekaribia na kuna wenzetu watapangiwa Ngara na Biharamulo. (Ndiyo, ni Kagera. Hapana, sisi Wahangaza si Wahaya, na usiniulize senene.) Pili, Windows 10 iliishiwa msaada wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu nyingi za mtumba tunazotumia hapa kampasi haziwezi kupokea Windows 11, kwa hiyo kila chumba sasa kina mtu anayeweka Ubuntu au Mint pembeni ya Windows. Ni jambo jema. Tatizo linaanzia dakika ya mwisho, kisanduku kinapotokea na kusema grub-install imeshindwa na kwamba kosa hilo ni “fatal”. Hapo mtu anatokwa jasho.

Jamani, hilo neno linatisha bure. Kompyuta ikiwashwa haijui Windows wala Linux ni nini. Inatafuta programu ndogo ya kuipokea, ndiyo hiyo butiloda, na kwa Linux nyingi inaitwa GRUB. Kwenye mashine za zamani, zile za BIOS, programu hiyo inaanzia kwenye baiti 512 za mwanzo kabisa wa diski. Mahali ni pamoja tu, kwa hiyo anayekuja nyuma anamfuta aliyetangulia. Kwenye mashine za UEFI mambo ni tofauti kabisa: kuna kipande kidogo cha diski, mara nyingi Windows hukitengea megabaiti 100, na kila mfumo una folda yake humo ndani. Ya Microsoft inakaa, ya ubuntu inakaa kando yake, hakuna anayemfukuza mwenzake.

Sasa fikiria. Kama mashine yako ni ya UEFI na GRUB imegoma kuingia, Windows imeguswa wapi? Mara nyingi haijaguswa popote. Zima, washa, bonyeza F9 kama ni HP au F12 kama ni Dell au Lenovo, kisha chagua Windows Boot Manager. Itawaka. Fundi hafanyi hivyo kwa sababu fomati ndiyo kazi anayoijua na ndiyo anayolipwa.

Chanzo ninachokikuta mara nyingi kuliko vyote ni hiki: Windows iliwekwa kwa njia ya UEFI lakini flashi ya Linux imewashwa kwa njia ya zamani, ile inayoitwa Legacy, au kinyume chake. Ni kama watu wawili mmepanga kukutana Nyakanazi, mmoja yuko barabara ya Kigoma na mwingine barabara ya Biharamulo, halafu kila mmoja analalamika kwamba mwenzake hajafika. Kujua ni rahisi. Ndani ya Windows fungua msinfo32 usome mstari wa BIOS Mode. Ndani ya Linux ya flashi andika ls /sys/firmware/efi. Ukiona orodha ya vitu umewasha kwa UEFI, ukiambiwa hakuna folda hiyo umewasha kwa njia ya zamani. Hizo mbili zisipofanana usiendelee hata hatua moja. Rudi nyuma, ingia menyu ya kuwashia, chagua flashi ile ile lakini mstari wenye neno UEFI mbele yake.

Vyanzo vingine navitaja haraka haraka. Diski haionekani kabisa wakati wa kuweka: hiyo ni mipangilio ya Intel RST, inabidi ihamie AHCI, ila iandae Windows kwanza iwake kwa safe mode, la sivyo utakutana na skrini ya bluu. GRUB imejiweka kwenye flashi badala ya diski: ukichomoa flashi hakuna kinachowaka, na dawa yake ni kuiweka upya mahali pake. Kila kitu kimekwenda sawa lakini Windows haimo kwenye menyu: tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021 kutafuta mifumo mingine kumezimwa, fungua /etc/default/grub, andika GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha update-grub. Dakika mbili.

Na tuwe wakweli, si kila mara Linux ndiyo mkosaji. Tarehe 13 Agosti 2024 Microsoft walitoa sasisho lililozuia butiloda za Linux kwenye mashine nyingi zenye Secure Boot. Watu walilala na mifumo miwili wakaamka na mmoja, na marekebisho ya kudumu yalikuja Mei 2025. Sikumsikia fundi hata mmoja akisema “Windows imeua Linux, tuifute Windows.”

Turudi Ngara, maana huko ndiko jambo hili linapata uzito. Ukikwama ukiwa hapa chuoni unagonga chumba cha pili. Ukikwama Rulenge au Kabanga, mwenye flashi nzima yuko mjini, na mwenye ujuzi pengine yuko Mwanza, upitie Biharamulo na Geita. Siku hizi angalau hupangi foleni ya kivuko, maana daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, lakini nauli na siku mbili za kufundisha zimeshakwenda. Na ile programu ya Boot-Repair ambayo kila mtu anaisifia inataka intaneti ili uishushe ukiwa kwenye flashi. Bando la mwalimu wa mazoezi unalijua.

Halafu kuna umeme. Wazee wetu wanakumbuka Ngara na Biharamulo za jenereta za dizeli, kabla ya gridi ya taifa. Leo maporomoko ya Rusumo yana mtambo wa megawati 80 tunaogawana na Rwanda na Burundi, tena uko humo humo wilayani, ila mvua na radi za kwetu hazijasoma taarifa hiyo. GRUB huandikwa mwishoni kabisa mwa kazi. Umeme ukikatika pale, na betri ya laptopu ya mtumba ndiyo ile ya dakika tano, utabaki na Linux nzima kwenye diski isiyo na mlango. Watu wanaanza upya saa nzima. Ya nini? Washa kwa flashi, unganisha kipande cha Linux kwenye /mnt na kile cha EFI kwenye /mnt/boot/efi, funga /dev, /proc, /sys na /run kwa mount --bind, ingia kwa chroot, kisha grub-install na update-grub. Mara nyingi haihitaji hata kilobaiti moja ya intaneti, kwa sababu GRUB yenyewe tayari ilishanakiliwa.

Kwa watakaokabidhiwa chumba cha kompyuta shuleni, zile za mezani za msaada: betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao ikifa, kila umeme ukikatika mashine inasahau mipangilio na kurudi kwenye ile ya kiwandani. Jana iliwaka, leo inasema hakuna cha kuwasha. Dalili ni saa inayorudi miaka mingi nyuma. Hapo kupiga fomati ni sawa na kumpaka dawa ya macho mtu anayeumwa jino. Badilisha betri, rudisha mipangilio, endelea na kipindi.

Na hapa wapenzi wa Linux wenzangu mtanikasirikia: kwa shule za namna hiyo mimi sioni haja ya mifumo miwili kabisa. Weka Linux peke yake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, ili mtoto wa Nyakahura asome menyu kwa lugha anayoifahamu. Leo tunahangaika kulinda Windows isiyopata tena masasisho kwa ajili ya mchezo wa karata. Mifumo miwili ni yako wewe mwenye laptopu moja, mwenye SPSS ya utafiti upande mmoja na mapenzi yako upande wa pili.

Basi kabla hujapanda basi pale Magufuli Terminal: nakili faili zako nje ya mashine. Angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, na kama imefungwa andika ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye daftari, karatasi kabisa, kwa sababu ukigusa Secure Boot utaulizwa, na kuutafuta mtandaoni ukiwa Murusagamba si mchezo. Zima Fast Startup ya Windows. Fanya kazi yote hapa hapa chuoni, washa mifumo yote miwili mara mbili tatu, ndipo uondoke. Flashi usiiache.

Mwenye flashi ya GB 8 aje nayo chumbani kwangu kabla ya Ijumaa nimwekee Mint, faili ninayo tayari, bando lako libaki salama. Jumamosi alfajiri nitakuwa njiani.