Tuanzie kwenye «-me-»

Mwaka jana jirani yangu mmoja wa Kadutu aliniomba nimtafsirie ushuhuda wake kwa Kiingereza. Depo ilikuwa imeibiwa usiku, na yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Aliandika: «Nilipofika, mlinzi alikuwa amelala.» Bila kusita nikaandika «the guard had slept». Kumbe nilikuwa nimemwamsha mlinzi! Mwingereza angeelewa kwamba mtu huyo alishalala na usingizi wake ulikwisha. Nilisahihisha kabla karatasi haijaondoka: «was asleep». Lakini nilibaki na aibu, maana kosa langu halikutokana na kutojua Kiingereza. Lilitokana na kutokichunguza Kiswahili changu.

Hapa Bukavu tunajifunza lugha za kigeni kwa kupitia Kifaransa. Kwa wakati uliopita timilifu, njia hiyo inatuzungusha bure. Kifaransa kina vitenzi visaidizi viwili: «j'avais mangé», lakini «j'étais arrivé». Mwanafunzi anaubeba mgawanyo huo hadi kwenye Kiingereza na kuandika «I was arrived». Akifika kwenye Kihispania anaandika «era llegado». Yote mawili ni makosa. Kiingereza kinatumia «had» kwa kula na kwa kufika. Kihispania kinasema «había comido» na «había llegado».

Kiswahili nacho hakigawi vitenzi hivyo. Tunasema nimekula na nimefika. Kisha nilikuwa nimekula na nilikuwa nimefika. Hali timilifu imo katika «-me-», na «nilikuwa» inairudisha nyuma tu. Basi mwalimu angeweza kuanza hivi: «nimefika» ni «I have arrived», ni «he llegado». Ikitanguliwa na «nilikuwa», «have» inageuka «had», na «he» inageuka «había». Mwanafunzi asikitafsiri «kuwa» peke yake, la sivyo atarudi kulekule kwenye «I was arrived».

Najua pingamizi litakalotolewa, na mlinzi wangu ndiye shahidi wake: «-me-» haina kazi moja. Amelala, amesimama, amekaa na amechoka hueleza mara nyingi hali ambayo mtu bado yumo. Hapo Kiingereza kinataka «was standing», na Kihispania «estaba de pie». Ni kweli. Lakini hiyo ni sababu ya kuifundisha «-me-», si ya kuikwepa. Swali moja linatosha: wakati ule unaosimuliwa, hali ilikuwa ingali inaendelea, au msimulizi anataja tendo lililokwisha kupita? Kanuni ya Kifaransa ya kuchagua kati ya «avoir» na «être» haitusaidii kujibu swali hilo.

Sisemi Kifaransa kitoke darasani. Ni lugha rasmi ya nchi, na mitihani yetu iko humo. Ninaomba saa moja tu, mwanzoni mwa somo, ambamo wahadhiri wetu wataandika ubaoni sentensi za Kiswahili kabla ya zile za Kifaransa. Wengi wetu tutakuwa walimu na watafsiri. Watu watatuletea maneno yao kuhusu nani alifika lini, na nini kilikuwa kimetokea kabla hajafika. Tukipanga vibaya nyakati hizo, atakayeumia si sisi. Ni yule aliyetajwa katika sentensi.